Betri Inayoisha Usiku: Chanzo Kijulikane Kabla ya Kununua Nyingine

Gari la chama cha msingi linapokataa kuwaka asubuhi, aghalabu lawama huiangukia betri. Hati ya malipo huandikwa, betri mpya hununuliwa, na baada ya siku chache gari hukataa tena. Fedha za wanachama zimekwisha kutoka, na mazao yangali ghalani. Kwa hiyo yafaa kila chama kihakikishe kwamba chanzo kimejulikana kwanza.

Vyanzo vikuu ni vitatu: betri kuchakaa, alteneta kutochaji, au umeme kuvuja wakati gari limezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikinguruma, kipimo hupanda na kufikia kati ya 13.8 na 14.5, kisipopanda, kasoro imo katika alteneta, mkanda wake au nyaya. Kwa lori la volti 24 hesabu hizi huzidishwa mara mbili. Ikiwa chaji ni nzuri, betri ijazwe, kisha ilale usiku mmoja bila kufungwa nyaya. Ikipungua nguvu, imechakaa. Ikibaki na nguvu zake, basi limo ndani ya gari jambo linaloinyonya.

Uvujaji hupimwa hivi. Kwanza, kila kitu kizimwe, ufunguo utolewe na milango ifungwe. Pili, waya wa upande hasi wa betri ufunguliwe, na mita iliyowekwa kwenye ampea 10 iunganishwe kati ya waya huo na betri. Injini wala taa kubwa zisiwashwe wakati huo, maana fyuzi ya mita itaungua. Tatu, magari ya siku hizi yenye kompyuta yasubiriwe hata nusu saa, mpaka vifaa vyake vitulie. Kwa magari mengi, kipimo kisichozidi ampea 0.05 si cha kutia shaka.

Kikizidi, fyuzi zitolewe moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikitolewa kipimo hushuka ndiyo inayoonyesha njia yenye kasoro: pengine redio, pengine taa ya ndani isiyozimika. Kipimo kisiposhuka kwa fyuzi yoyote, fundi akague alteneta na nyaya nene zisizopitia katika kisanduku cha fyuzi.

Kasoro ndogo isidharauliwe. Balbu ya wati 5 hutumia ampea 0.4 hivi, betri ya ampea 60 kwa saa huweza kumalizwa nayo kwa muda wa siku sita, na stata hushindwa mapema zaidi.

Mwishowe, tarehe, vipimo na fyuzi iliyohusika viandikwe katika daftari la gari. Kamati itakapoombwa kuidhinisha ununuzi wa betri, daftari hilo na lisomwe kwanza.