Chai ya Kijani na Urukususu

Kina mama wa darsa huniuliza swali hili, na baadhi yao huja na pakiti mkononi: kati ya chai ya kijani na urukususu, kipi chenye manufaa zaidi mwilini? Vyote viwili huuzwa katika maduka yetu ya mitishamba, na muuzaji hodari huvipanga rafu moja na habbat soda na asali, chini ya kibao cha tiba ya sunna. Hapo pana neno la kusahihishwa mapema. Asali imetajwa katika Qur'ani, na habbat soda katika hadithi sahihi. Chai haikujulikana Hijazi zama za Mtume (s.a.w.), na urukususu ni dawa ya matabibu; Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameuandika katika Qanuni yake. Si aibu dawa kuwa ya matabibu, ila isivishwe kanzu isiyokuwa yake.

Chai ya kijani si mmea mgeni. Ni mchai uleule unaolimwa Kericho na Limuru. Tofauti ni kuwa jani likishachumwa hupashwa moto upesi, kwa mvuke au kikaangoni, lisipate kuwa jeusi. Kwa hivyo husalia na wingi wa viambata viitwavyo katekini. Kikombe kimoja au viwili kwa siku havina neno kwa mtu mzima mwenye afya. Sifa ya kupunguza unene, ambayo ndiyo inayoiuza, ni kubwa kuliko kazi yenyewe. Na vidonge vyake si kikombe: mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilionya kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini yake kuu, zikimezwa kama kirutubisho, huweza kulidhuru ini. Tena chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vyema. Mama mja mzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki asivishushie kwa chai, iwe ya kijani au ya rangi.

Urukususu ndio wenye maneno mengi. Ni mzizi uitwao kwa Kiarabu irq as-sus, na Wagujarati wa madukani wauita jethimadh. Cairo hufanywa sharubati inayopendwa sana Ramadhani. Kwetu hutafunwa na wenye kazi ya sauti, na hutiwa katika dawa ya kifua. Utamu wake watokana na glisirizini, iliyo tamu kama mara 50 kuliko sukari, na humo ndimo ilimo dawa na ndimo ulimo ubaya.

Katika figo kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuizuia homoni ya kortisoli isibishe mlango usiokuwa wake. Glisirizini hukilaza bawabu huyo. Kortisoli ikiingia, figo hushika chumvi na maji na kuitoa potasiamu. Shinikizo la damu hupanda, miguu huvimba, misuli hulegea, na potasiamu ikishuka mno moyo hupoteza mwendo wake. Miaka ya 1940 tabibu wa Kiholanzi, Revers, aliwapa urukususu wagonjwa wa vidonda vya tumbo. Wakapata nafuu, lakini baadhi yao wakavimba. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha mwanamume wa miaka 54 aliyekula peremende za urukususu kila siku kwa wiki kadhaa, kisha moyo wake ukasimama, akafa.

Basi fikirieni nyumba zetu. Ni nyumba ngapi hazina mzee mwenye presha? Na aghalabu mzee huyo amepewa dawa ya kumkojoza maji, ambayo nyingine nazo huitoa potasiamu. Akinyweshwa urukususu wakati wa daku ili asione kiu, hutolewa na viwili kwa pamoja. Wataalamu wa Ulaya wameweka ukomo wa miligramu 100 za glisirizini kwa siku, lakini mzizi mmoja hutofautiana na mwingine, na mama jikoni hana mizani ya kuipima. Wenye mimba nao Ufini hushauriwa wauepuke.

Kwa rai yangu, mwenye presha, maradhi ya moyo au figo, na mja mzito, wauwache kabisa. Aliye mzima akitafuna kipande kwa ajili ya kikohozi cha siku mbili tatu, sioni ubaya. Kuufanya kinywaji cha kila asubuhi, hapana. Kikombe cha kila siku na kiwe cha chai.

Viko vidonge vya urukususu vilivyoondolewa glisirizini, vinavyouzwa kwa wenye kiungulia, na hilo huandikwa juu ya chupa. Mzizi unaofungiwa katika karatasi ya gazeti haujaondolewa kitu.