Mamlaka ya Kupunguza Bila Kuongeza: Siasa za Bajeti ya Taifa na Athari Zake Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika mfumo wa urais nchini Tanzania, bajeti hupitishwa na Bunge, lakini huanzia kwa Rais. Ibara ya 137 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa Rais wajibu wa kuagiza makadirio ya mapato na matumizi yaandaliwe na kuwasilishwa bungeni. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia kodi au matumizi ya Mfuko Mkuu wa Hazina bila pendekezo la Rais, isipokuwa pale linapopunguza. Aidha, kwa mujibu wa Ibara ya 90, Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Kwa hiyo mbunge anayekataa bajeti huhatarisha pia kiti chake.

Athari za utaratibu huo huonekana katika wilaya inayotegemea zao moja. Mwezi Juni 2017, Serikali ilipendekeza, na Bunge likaidhinisha, kushusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Mbinga ni wilaya ya kahawa. Kwa kila kahawa yenye thamani ya shilingi milioni 100, halmashauri iliyostahili kupata milioni 5 ilibaki na milioni 3. Hatua hiyo ilikusudiwa kumpunguzia mkulima mzigo, na ni vigumu kwa mbunge wa eneo la kahawa kuipinga. Hata hivyo, mbunge huyo hana uwezo wa kuongeza fungu la kufidia pengo hilo. Anaweza kuomba tu.

Katika miundombinu, hali ni hiyohiyo. Barabara ya lami ya Peramiho–Mbinga ilijengwa kwa msaada wa Marekani, na ile ya Mbinga–Mbamba Bay, takriban kilomita 66, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Fedha za aina hiyo hujadiliwa na Serikali na wafadhili kabla mjadala wa bajeti haujafika Dodoma.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inatenga mgawo wa mapato ya taifa kwa serikali za kaunti. Tanzania Bara haina kinga ya kikatiba ya namna hiyo kwa halmashauri. Kwa sababu hiyo, mapato ya Mbinga na ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, yanaweza kupunguzwa kwa kura moja ya Bunge, ilhali kuyarejesha kunahitaji ridhaa ya Rais.