Bucha na Kamari Chini ya Paa Moja

Katika lugha ya Kiarabu kuna neno moja ambalo wanachuoni wa lugha hulipa maana mbili, na maana hizo zimeishi pamoja karne na karne bila ya kugombana. Neno lenyewe ni yasir. Maana yake moja ni mtu anayemkata ngamia aliyechinjwa na kumgawa mafungu. Maana yake ya pili ni mcheza kamari. Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao na wino tulilipita neno hili mbiombio, kwani tuliambiwa kuwa maisiri ni haramu, na hilo lilitutosha. Hakuna aliyetueleza nyama iliingiaje humo.

Nyama na kamari nilizikuta zimekaa chini ya paa moja huko Malili, upande wa Makueni, kando ya barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Atokaye kwetu pwani hufika hapo akiwa amekwisha kuchoka. Ameziacha nyuma Voi, Mtito Andei, Makindu na Sultan Hamud, na zimembakia kilomita 60 hivi kuingia mjini. Malili si mji wa kusifiwa. Ni safu za maduka, malori yaliyoegeshwa, vumbi, na moshi wa mafuta ya mbuzi. Lakini jina lake limekwenda mbali, kwa kuwa mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilinunua ekari 5,000 za shamba la mifugo la Malili ili kujenga mji mpya wa Konza, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akaja kuuzindua ujenzi wake. Mji wenyewe umekuwa ukiinuka polepole kuliko ulivyotangazwa. Waliokimbilia kununua viwanja pembezoni mwake wakitaraji utajiri wa haraka, nao pia walikuwa na namna yao ya kurusha karata, ila hayo tuyaache.

Nilikuwa na mpwa wangu, ndiye aliyekuwa akiendesha gari. Njaa ilimshika tangu Emali. Tukasimama penye bucha iliyotundika mizoga dirishani, mbuzi watatu na paja la ng'ombe, kila mmoja na muhuri wa buluu wa bwana afya.

Hapa msomaji wa pwani ataniuliza swali lile lile nililomwuliza mwenye bucha kabla hata ya kumwuliza bei: nani amechinja? Mzee wa Kikamba yule hakukasirika. Alinijibu kwamba machinjioni kuna Mwislamu ndiye mwenye kisu, na kwamba asingekubali kuwa vinginevyo, maana madereva wa Mombasa na wa Garissa wangempita bila ya kusimama. Na kweli ndivyo ilivyo katika machinjio mengi ya Kenya. Kisu hupewa Mwislamu ili nyama iuzwe kwa kila mtu, na jambo hilo halikuletwa na mahubiri bali na biashara. Aya ya 5 ya Suratul Maida, inayohusu chakula cha waliopewa Kitabu, masheikh wetu wameizungumza sana, na msafiri mwenye njaa huikumbuka upesi. Siku ile hatukuihitaji.

Lakini kisu cha machinjioni si mwisho wa habari. Juu ya wavu wa kuchomea, bega kwa bega na mbavu za mbuzi, palikuwa na mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu, ukitoa jasho lake juu ya makaa. Damu imekatazwa katika aya ya 3 ya sura hiyo hiyo. Mpwa wangu akanitazama, nami nikamtazama. Mzee aliona, akacheka, akatoa wavu mwingine mdogo uliokuwa umetundikwa ukutani.

"Huu ni wa watu wenu," akasema. "Na kisu chake hiki hapa."

Tukachagua mbavu na kipande cha paja, kilo mbili, akazitia mizanini mbele ya macho yetu. Nataka kuisema haki ya nyama hii. Sisi watu wa pwani nyama huitesa kwanza ndipo tuitie motoni. Twaipaka papai bichi, tangawizi, thomu, ndimu na pilipili, kisha twaichoma kijitini na kuilisha ukwaju. Mkamba yeye hutegemea chumvi na subira. Mbuzi wa nchi kavu aliyekula majani ya mwiba ana utamu wake mwenyewe, na kumtia viungo ni kumziba mdomo. Husubiri karibu saa nzima, kisha huletewa kwenye ubao, ikakatwakatwa mbele yako, na fungu la chumvi pembeni, kachumbari na sima. Hapana sahani, hapana uma. Mwenye kwenda kutafuta steki kwenye mahoteli yenye viti vya ngozi na taa hafifu hatapata nyama bora kuliko hii. Atapata kitambaa cheupe tu.

Basi tulipokuwa tukisubiri ndani ndipo nilipoisikia sauti ya sarafu. Pembeni, penye kivuli, ilisimama mashine ya kamari inayomeza shilingi 20, ikimetameta taa nyekundu na kijani kama mlango wa arusi. Mbele yake alisimama kijana mmoja, utingo wa lori, angali na vumbi la simenti nyusini. Alikuwa ameagiza nusu kilo. Akatia sarafu, akatia nyingine. Mara ikamtemea tano, akatazama huku na huku kama aliyepewa cheo, kisha akazirudisha zote mlemle. Nyama yake ilipoiva, mwenye bucha alimwita mara mbili. Mara ya tatu kijana akaja, akanong'ona kitu, na ile nusu kilo akauziwa mtu mwingine. Yeye akanunua chapati moja, akaila akiwa amesimama.

Serikali imezikamata na kuziteketeza nyingi za mashine hizi, na mwaka 2019 hata makampuni makubwa ya kubahatisha matokeo ya mpira yalinyimwa leseni kwa muda. Zikitolewa mlango huu huingia kwa ule.

Mambo ya nyama na kamari kuwekwa pamoja hayakubuniwa Malili. Nairobi, katika barabara ya Thika, Hoteli ya Safari Park kwa miaka mingi ilijulikana kwa vyote viwili, ukumbi wa nyama choma wenye wacheza ngoma, na kasino ya kuchezea fedha. Na huko Las Vegas, Marekani, penye chimbuko la desturi hii, hesabu yake iko wazi. Hoteli ya El Rancho Vegas, iliyofunguliwa mwaka 1941, ilikuja kuwaandalia wageni meza ya kula utakacho kwa dola 1. Baadaye kasino ya Binion's Horseshoe ikapata jina kwa steki ya dola 2 iliyouzwa usiku wa manane. Steki ile ilikuwa chambo. Mwenye nyumba alijua kuwa mtu akitoka nje kutafuta chakula hupata upepo, na akipata upepo hupata akili, na akipata akili hurudi kwake kulala. Kwa hiyo akamlisha palepale.

Sasa turudi kwa yule yasir, kwani ndipo penye ajabu.

Waarabu wa Jahilia walipofikwa na kipupwe na njaa walimnunua ngamia kwa ahadi, wakamchinja, wakamgawa mafungu. Wengi husema mafungu 10, na wapo wapokezi waliosema 28. Wakaleta mishale 10 isiyo na vyembe. Saba ilikuwa na hisa, kuanzia moja hadi saba, na mitatu ilikuwa mitupu. Mishale hutiwa katika mfuko, na mtu anayeaminiwa huitoa mmoja mmoja, mkono umefungwa kitambaa asije akautambua mshale kwa kuupapasa. Aliyetokewa na mshale wa hisa alipata nyama, na aliyetokewa na mtupu alilipa bei ya ngamia. Kisha, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo, aliyeshinda hakuila nyama ile. Aliwapa maskini. Kuila ilikuwa aibu. Na tajiri aliyekataa kuingia mchezoni waliita baram, yaani bahili.

Ndiyo maana aya ya 219 ya Suratul Bakara inakiri kwamba katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, na papo hapo inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Wafasiri wengi wameyataja manufaa ya kamari kuwa ni nyama ile iliyowafikia mafakiri. Halafu ikashuka aya ya 90 ya Suratul Maida, mlango ukafungwa kabisa. Na jina la sura hiyo lenyewe ni meza iliyoandaliwa chakula! Kamari iliyolisha mayatima imeharimishwa. Seuze hii ya Malili, ambayo mshindi wake hajulikani kwa sura, na iliyomnyang'anya utingo nusu kilo yake ya mbuzi ikambakisha na chapati?

Nyama yetu ilipoletwa nilimwambia mzee tutakula nje. Mpwa wangu alinung'unika, maana nje palikuwa na vumbi na jua.

"Mjomba, nyama ni halali, wavu ni wetu, kisu ni chetu. Ile mashine yatuhusu nini?"

Nikamwambia Mtume (S.A.W.) amekataza kukaa penye meza inayozungushwa ulevi, hata kwa asiyekunywa, na kwamba mimi kamari naipima kwa mizani hiyo hiyo. Nyama haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la nyumba, na nyumba yaweza kutokwa. Tukachukua ubao, tukakaa juu ya gogo chini ya mgunga. Tulikula tukashiba, na fungu la mbavu nikalitia katika karatasi, mpwa wangu akampelekea yule utingo, aliyekuwa amekwisha kupanda juu ya lori. Alilipokea bila ya kushuka.

Nilipokwenda kulipa nilimwuliza mwenye bucha kwa nini asiiondoe ile mashine, maana inawala wateja wake. Alipangusa kisu kwa taratibu kabla ya kujibu. Mashine si yake, alisema. Kila Ijumaa huja mtu na ufunguo, huifungua, huhesabu, humwachia sehemu yake.

"Mbuzi hunilisha, mzee. Lakini kodi ya nyumba hii hulipwa na ile pale."