MADHILA YA UTOTONI NA MOYO WA UKUBWANI



Wazazi na wanafunzi wetu, mtu mzima akiugua moyo huulizwa habari za chumvi, mafuta na sigara. Ni nadra kuulizwa alivyolelewa. Daktari Vincent Felitti wa San Diego, Marekani, aliuliza. Katika miaka ya 1980 alikuwa akitibu watu wanene, akastaajabu kuona wanaopungua vizuri ndio wanaoacha tiba. Alipowahoji, wengi walimweleza madhila ya utotoni. Kati ya 1995 na 1997 yeye na mwenzake Robert Anda wakawauliza watu zaidi ya 17,000: Je, ulipigwa? Ulidhalilishwa? Ulimwona mama akipigwa? Nyumbani kulikuwa na mlevi? Matokeo kuhusu moyo yalitoka 2004. Waliopatwa na aina saba au zaidi za madhila walikuwa na uwezekano wa kuugua moyo zaidi ya mara tatu kuliko wasiopatwa na lolote.

Sehemu ya sababu ni sigara na ulaji, maana mwenye majonzi hutafuta kitulizo. Lakini ipo nyingine. Mtoto akiogopa, mwili hutoa homoni, moyo hudunda mbio na shinikizo la damu hupanda. Hofu ikipita, mwili hutulia. Sasa mtoto ambaye kila jioni anasikilizia hatua za baba mlangoni, atatulia lini? Miaka ikienda hivyo, mishipa ya damu hudhurika.

Hii si hukumu kwamba kila aliyeteswa lazima augue. Mtume (S.A.W.) alizaliwa baba yake ameshafariki, akafiwa na mama akiwa na miaka 6 hivi, na babu akiwa na miaka 8. Hata hivyo hakukosa wa kumkumbatia, kwani babu alipoondoka alichukuliwa na ami yake Abu Talib. Mtu mzima mmoja mwenye huruma humpunguzia mtoto mzigo mkubwa. Mwanafunzi unayeteseka, mtafute: bibi, shangazi, au sisi walimu wako. Kusema si kuwavunjia wazazi heshima.

Wapo wanaotuambia, "Mbona sisi tulichapwa na tukakua?" Na wale wa San Diego walikua, wengi wao wakiwa na kazi na bima ya matibabu. Anas bin Malik (R.A.) naye alilelewa na kufunzwa adabu. Alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka 10 tangu utotoni, na amesimulia kwamba hakuwahi kusikia kwake hata neno la kuchoshwa naye.