Kupima kreatinini katika mkojo: kutoka rangi ya Jaffe hadi vimeng'enya

Jina kreatini limetokana na neno la Kigiriki "kreas", yaani nyama. Mkemia Mfaransa Chevreul alilitunga mwaka 1832, baada ya kuipata dutu hiyo katika mchuzi wa nyama. Asili hiyo inafaa kukumbukwa, maana kreatinini, mabaki ya kreatini, huzaliwa katika misuli, huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Mtu mzima hutoa takriban gramu 1 hadi 2 kwa siku, na kiasi chake hakigeukigeuki sana.

Ndipo linapopatikana tumizi lake kubwa. Aliyekunywa maji mengi hutoa mkojo mwepesi, na sumu iliyomo huonekana chache kuliko ilivyo. Kukusanya mkojo wa saa 24 ni kazi ngumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo sumu huhesabiwa kwa kila gramu ya kreatinini. Hivyo ndivyo ulivyofanya utafiti uliotolewa mwaka 2009 na wataalamu wa Lubumbashi na Leuven, waliopima kobalti na metali nyingine katika mkojo wa watu 351 wa Katanga. Chukulia mkojo wenye maikrogramu 12 za kobalti na gramu 0.8 za kreatinini kwa lita: jibu ni maikrogramu 15 kwa gramu. Maabara ikikosea na kusoma gramu 1.0, jibu hushuka hadi 12, na mtu aliyedhurika huweza kuhesabiwa mzima.

Mbinu kongwe ni ya Max Jaffe, ya mwaka 1886; Otto Folin aliigeuza kuwa kipimo cha kiasi mwaka 1904. Mkojo huzimuliwa kwa maji, kisha hutiwa asidi pikriki pamoja na soda kali. Rangi ya manjano hugeuka nyekundu ya machungwa, nayo husomwa kwa spektrofotometa karibu na nanomita 500. Ni mbinu rahisi na ya bei nafuu. Lakini asidi pikriki ikikauka yaweza kulipuka, basi huhifadhiwa ikiwa na unyevu daima. Tena rangi hiyo hailetwi na kreatinini peke yake: asetoasetati, protini na baadhi ya dawa za jamii ya sefalosporini huiongeza. Kwa kuwa asetoasetati hukimbilia kutoa rangi na protini huchelewa, wapimaji wengi husoma mabadiliko kati ya sekunde ya 20 na ya 80 tu. Joto nalo huathiri kasi, kwa hiyo chumba ambamo umeme hukatika huleta majibu yasiyolingana.

Mbinu ya vimeng'enya huepa sehemu kubwa ya matatizo hayo. Kreatinini huvunjwa hatua kwa hatua hadi sarkosini, kisha peroksidi ya haidrojeni, ambayo hutoa rangi. Gharama yake ni kubwa zaidi. Kipimo cha marejeo, kinachotumia spektrometa ya masi, ni cha maabara chache tu.

Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuacha sampuli zenye kreatinini chini ya gramu 0.3 au zaidi ya gramu 3 kwa lita. Hata ndani ya mipaka hiyo, mtoto mdogo au mtu aliyekonda kwa njaa ana misuli michache, hutoa kreatinini kidogo, na kobalti yake huonekana nyingi kupita kweli. Kwa watu wa namna hiyo hufaa kuandika pia kiasi kwa lita, pamoja na umri na uzito wa mwenye mkojo.