Upandikizaji wa Utumbo na Viungo Vingine vya Tumboni: Neno, Tiba na Ridhaa katika Meru na Embu

Utangulizi

Mkulima wa Embu au wa Meru hahitaji kuelezwa maana ya kupandikiza. Katika miteremko ya Mlima Kenya, vitalu vya makadamia na parachichi vimemzoeza kuona kitawi cha mti mmoja kikikatwa, kikaingizwa katika shina la mti mwingine, kikafungwa kwa utepe wa nailoni na kuachwa kishikane. Kiswahili kimelichukua neno hilo hilo na kulipeleka hospitalini: upandikizaji wa figo, wa ini, wa kongosho na wa utumbo. Makala haya yananuia kueleza tiba hiyo inavyofanyika, sababu za utumbo kuwa mgumu kupandikizwa kuliko viungo vingine vya tumboni, na jinsi suala hili, katika Meru na Embu, lilivyo la lugha sawa na lilivyo la upasuaji.

Sitiari ya shambani na mipaka yake

Kitenzi -pandikiza kimenyambuliwa kutokana na -panda, na sitiari yake inafaa kwa kiasi kikubwa. Kiungo, kama kitawi, hukatwa kikiwa hai, huunganishwa na mishipa ya mwenyeji wake, na huishi kwa chakula cha mwenyeji huyo. Hata hivyo, sitiari hiyo inaficha jambo moja kubwa. Mkulima anajua kwamba kitawi cha mparachichi hakishiki kwenye shina la mkadamia, lakini kati ya mparachichi na mparachichi hapana ugomvi mkubwa. Mwili wa binadamu hauko hivyo. Kinga ya mwili hutambua kila chembechembe ngeni na kuishambulia, hata ikiwa imetoka kwa ndugu wa tumbo moja.

Ndiyo sababu upandikizaji wa kwanza wa figo uliodumu, uliofanywa na Joseph Murray mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, ulihusisha mapacha wa kufanana, ambao miili yao haikuwa na cha kukataana. Kwa watu wengine wote, tiba hii ilisubiri dawa za kutuliza kinga. Mbili zilizoleta mageuzi makubwa zilitoka udongoni: siklosporini, iliyotokana na kuvu na kuanza kutumiwa sana katika miaka ya 1980, na takrolimasi, iliyogunduliwa mwaka 1984 katika bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Mgonjwa hunywa dawa za namna hii maisha yake yote. Akiziacha, kiungo hukataliwa. Akizidishiwa, hubaki bila ngome dhidi ya maradhi ya kuambukiza.

Kwa nini utumbo ni mgumu

Miongoni mwa viungo vya tumboni, figo ndiyo iliyotangulia. Thomas Starzl alijaribu kupandikiza ini mwaka 1963 na kufanikiwa mwaka 1967. Kongosho ilipandikizwa kwa mara ya kwanza Minnesota mwaka 1966. Utumbo ulichelewa. Mwaka 1987 Starzl, akiwa Pittsburgh, alimpandikizia mtoto viungo kadhaa vya tumboni kwa pamoja, naye akaishi zaidi ya miezi sita. Mwaka 1988 Eberhard Deltz wa Kiel, Ujerumani, alipandikiza utumbo peke yake ukadumu, na mwaka huo huo David Grant wa London, Ontario, nchini Kanada, akafaulu kupandikiza utumbo pamoja na ini.

Uchelewaji huo una sababu mbili kuu. Kwanza, utumbo mwembamba, wenye urefu wa takriban mita 6 kwa mtu mzima, ni makao ya sehemu kubwa ya askari wa kinga ya mwili. Anayepokea utumbo hupokea pia jeshi la mtu mwingine. Majeshi mawili hukutana katika mwili mmoja. Pili, utumbo umejaa bakteria. Mwili unapoanza kuukataa, ukuta wake hulegea na bakteria hao hupenya hadi kwenye damu. Hivyo basi, daktari hulazimika kutuliza kinga kwa nguvu zaidi wakati ule ule ambapo maambukizi yanabisha hodi.

Tiba yenyewe ina namna tatu kuu. Mgonjwa ambaye ini lake ni zima hupewa utumbo pekee. Yule ambaye ini lake limeharibiwa na lishe ya mishipani ya muda mrefu hupewa utumbo na ini. Yule ambaye maradhi yameenea hupewa fungu zima: mfuko wa chakula, kongosho, utumbo na, inapolazimu, ini.

Anayefikia hatua hiyo kwa kawaida amepoteza sehemu kubwa ya utumbo wake. Katika Afrika Mashariki, njia mojawapo inayojulikana sana na wapasuaji ni kujisokota kwa utumbo: utumbo hujipinda, damu ikakatika, sehemu iliyokosa damu ikaoza. Nyingine ni kutoboka kwa utumbo kutokana na homa ya matumbo. Daktari huondoa kilichooza ili kuokoa maisha. Aghalabu kinachobaki hutosha. Kikibaki chini ya mita 2 hivi, mtu anaweza kula na kushiba bila mwili kunufaika. Hapo hutegemea lishe inayoingizwa mishipani usiku kucha, kila usiku, tiba ghali inayohitaji usafi wa hali ya juu.

Meru na Embu katika mnyororo wa tiba

Hospitali ya Rufaa ya Meru na ile ya Embu hutekeleza hatua za mwanzo za mnyororo huu. Upasuaji wa dharura wa utumbo hufanyika huko, na usafishaji wa damu kwa mashine kwa wagonjwa wa figo ulipata msukumo baada ya serikali kuanzisha mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali za kaunti mwaka 2015. Upandikizaji wa figo nao umefanyika nchini kwa miaka mingi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ikiwa miongoni mwa hospitali za umma zinazoutoa. Figo hizo hutolewa na watu walio hai, hasa jamaa.

Utumbo hautegemei njia hiyo kwa urahisi. Ingawa aliye hai anaweza kutoa kipande, tiba hii duniani huwategemea zaidi wafu, yaani watu ambao ubongo wao umekufa ilhali mashine ingali inaendesha pumzi zao. Tena muda ni mfupi. Figo iliyowekwa kwenye baridi huweza kusubiri siku nzima; ini husubiri takriban saa 12; utumbo husubiri saa chache tu, na madaktari hupendelea zisizidi 8 hivi. Embu iko takriban kilomita 130 kutoka Nairobi, na Meru takriban 230. Umbali huo si kikwazo kisichovukika. Kinachohitaji muda zaidi ni mazungumzo na familia.

Lugha ya ridhaa

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu mwenye uwezo wa kuandika wasia kutoa mwili wake au sehemu yake itumike baada ya kifo: kwa wasia, kwa hati iliyotiwa saini naye na mashahidi wasiopungua wawili, au kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili. Sheria hiyo pia inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa. Nacho kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Iwapo kauli ya mdomo ina nguvu ya sheria, basi uteuzi wa maneno una uzito wa sheria.

Mathalani, kitenzi -toa kina maana mbili wodini. Ndugu "anatoa figo" kwa hiari; daktari "anatoa utumbo" uliooza. Familia inayoambiwa kwamba viungo vya marehemu "vitatolewa" yaweza kusikia zawadi au kusikia uporaji. Ingefaa -toa kibaki kwa mwenye kupeana, na -ondoa kiwe kitenzi cha mpasuaji. Vivyo hivyo, Kiswahili husema mtu amekata roho, picha ya pumzi iliyokoma. Kifo cha ubongo kinakinzana na picha hiyo, kwani kifua kingali kinapanda na kushuka. Asipoeleza tofauti kati ya kuzimia, kupoteza fahamu kwa muda mrefu na kufa kwa ubongo, mhudumu anaomba ridhaa ya jambo ambalo halijaeleweka.

Wapo wanaosema kwamba mila haziruhusu maiti kuguswa. Dai hilo lahitaji kupimwa. Kabla ya ukoloni, jamii nyingi za Mlima Kenya hazikumzika kila mtu. Wengi walipelekwa kichakani, na mazishi ya wote yalienea kwa amri za serikali ya kikoloni na mafundisho ya wamisheni. Desturi za kifo, basi, zimewahi kubadilika. Kwa upande mwingine, Wameru walikuwa na gichiaro, udugu wa kiapo baina ya koo na jamii, ambao neno lake limejengwa juu ya mzizi wa kuzaa. Waliofungwa na gichiaro hawakumwaga damu ya wenzao, wala hawakunyimana walichoombana. Mila inayomfanya mgeni kuwa ndugu wa kuzaliwa imekwisha kutoa msamiati ambao tiba hii inauhitaji.

Hitimisho

Upandikizaji wa utumbo utaendelea kuwa tiba ya wachache, hata katika nchi zenye uwezo. Hata hivyo, msingi wake ni ule ule wa figo na ini: mtu mmoja kukubali, akijua anachokikubali, kwamba sehemu ya mwili wake iishi katika mwili wa mwingine. Wapasuaji watajifunza kazi yao kwingineko. Kazi ya kuyapima maneno yatakayosemwa kando ya kitanda cha mgonjwa, Meru na Embu, kwa Kiswahili, Kimeru au Kiembu, ni ya wanafunzi na walimu wa lugha. Mwenye kitalu hufunga utepe ili kitawi kishikane na shina. Katika tiba hii, utepe huo ni neno lililoeleweka.