Ardhi, Uchumi na Utawala wa Visiwa vya Komoro: Siasa za Zamu

Mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili hulikuta jina la Komoro mapema, pale anapofundishwa kundi la lugha za Sabaki. Huambiwa kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro ni lugha za ukoo mmoja. Hulinakili jambo hilo daftarini, akalijibia swali la mtihani, kisha visiwa hivyo vikatoweka katika masomo yake yote yanayofuata. Ni nadra kumpata anayeweza kueleza wenyeji wake wanaishi kwa nini au wanatawaliwa vipi. Makala haya yananuia kuziba sehemu ya pengo hilo. Yanashikilia kwamba utawala wa Komoro hauwezi kueleweka pasi na kuitazama kwanza ardhi yenyewe, kwa kuwa kila kisiwa kina maji yake, udongo wake na kinyongo chake, na katiba ya nchi hiyo kwa kiasi kikubwa ni jaribio la kuvigawia zamu visiwa ambavyo haviaminiani.

Mahali na Majina

Komoro iko katika lango la kaskazini la mlangobahari wa Msumbiji, kati ya pwani ya Afrika na ncha ya kaskazini ya Madagaska. Visiwa vikubwa ni vinne. Wenyewe huviita Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore. Katika ramani za Kifaransa huandikwa Grande Comore, Mohéli, Anjouan na Mayotte. Msomaji wa Moi's Bridge, mji ulioitwa Hoey's Bridge enzi za walowezi, hahitaji kuelezwa kwamba jina la mahali hutegemea nani ameshika kalamu. Jina Komoro lenyewe huhusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi.

Visiwa vyote vinne vikijumlishwa haviifikii Kaunti ya Uasin Gishu kwa ukubwa. Vitatu vinavyounda Muungano wa Komoro, yaani vyote isipokuwa Maore, vina kiasi cha kilomita za mraba 1,860, na sensa ya 2017 ilihesabu humo watu 758,316. Ni nchi ndogo yenye msongamano, hasa Nzwani, ambako mashamba yamepanda milima hadi mahali ambapo mkulima wa nyanda za Nzoia angeona haya kumpeleka ng'ombe wake.

Maji na Moto

Visiwa hivi vilizaliwa na volkeno, lakini havikuzaliwa siku moja. Maore ndicho kikongwe: milima yake imechakaa, na miamba ya matumbawe imekizunguka ikafanya wangwa mpana wa maji matulivu. Ngazija ndicho kichanga, na mlima wake Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, bado ungali hai. Tofauti hii ya umri ndiyo chanzo cha mambo mengi. Mwamba wa Ngazija ni mpya na una vinyweleo, hivyo mvua hunyesha kwa wingi ikazama papo hapo. Kisiwa kikubwa kuliko vyote, chenye mji mkuu wa Moroni, hakina hata mto mmoja. Kwa karne nyingi wakazi wake wamekinga maji ya mvua katika mabirika ya mawe na saruji, na nyumba isiyo na birika ni nyumba yenye kiu. Karthala ulipolipuka mwaka 2005, kilichowatisha watu zaidi si moto bali majivu, yaliyoingia mabirikani na kuyaharibu maji ya kunywa ya vijiji vingi.

Nzwani, kwa upande wake, kilibarikiwa mito. Hata hivyo, mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi, kwa kuwa misitu ya milimani imefyekwa kwa ajili ya mashamba na kuni. Mwali, kilicho kidogo kuliko vyote, ndicho kilichobakiwa na kijani kingi. Hifadhi yake ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2001 huwalinda kasa wanaotaga fukweni Itsamia. Katika maji ya kina ya visiwa hivi huishi pia gombesa, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka duniani tangu zama za kale. Wa kwanza alinaswa Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili akapatikana Nzwani mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro hawakuona ajabu yoyote: walikuwa wakimvua miaka yote na kumwona samaki asiye na ladha.

Uchumi wa Harufu na wa Posta

Komoro huuza nje harufu na huagiza chakula. Mazao yake makuu ya biashara ni vanila, karafuu na mlangilangi. Hili la mwisho halihitaji utangulizi kwa msomaji wa fasihi ya mwambao, ambaye amekutana na maua yake katika vikuba vya maharusi. Maua hayo huchumwa alfajiri, yakatiwa mtunguni na kukenekwa hadi kutoa mafuta yanayonunuliwa na watengenezaji wa manukato wa Ulaya. Komoro imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta haya duniani. Mtungi huo hula kuni nyingi mno. Hivyo basi, marashi ya Paris yana uhusiano wa moja kwa moja na mito ya Nzwani inayokauka.

Mazao haya yaliletwa na mashamba makubwa ya kikoloni. Huko Ngazija, Mfaransa Léon Humblot alipata kwa mkataba wa mwaka 1885 na Sultani Said Ali haki zilizompa sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa. Nzwani, kampuni ya Bambao ilishika mabonde yenye rutuba na kuwasukuma wenyeji milimani. Urithi wake ni nchi ambayo ardhi yake bora ilipangiwa kumnukiza mgeni. Chakula kikuu cha Wakomoro ni wali, na mchele wenyewe huja kwa meli kutoka Asia. Shirika la umma liitwalo ONICOR ndilo huuagiza, na meli ikichelewa, serikali hutetemeka. Kwa mtu aliyezoea kuona malori ya mahindi yakipanga foleni kwenye maghala ya Moi's Bridge, hali hii inatosha kueleza kwa nini bandari ni suala la kisiasa katika nchi ya visiwa.

Hata hivyo, zao kubwa kuliko yote halioti ardhini. Ni fedha zinazotumwa na Wakomoro walio ughaibuni, hasa Ufaransa, na Marseille kuliko kwingine kote. Katika miaka ya karibuni fedha hizo zimekaribia sehemu moja ya tano ya pato la taifa. Zamani uhamaji ulielekea Unguja na Madagaska. Habib Swaleh, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha wa Lamu, alizaliwa Ngazija, na Sheikh Ahmed bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Zanzibar, alizaliwa huko pia. Njia ya Madagaska ilifungwa kwa damu: mnamo Desemba 1976 Wakomoro wa Mahajanga waliuawa kwa mamia, na walionusurika wakarejeshwa kwa ndege za shirika la Ubelgiji la Sabena. Hadi leo huitwa Wasabena.

Sehemu nzuri ya fedha za ughaibuni huishia katika ada ya ndoa kuu, ambayo kwayo mwanamume wa Ngazija huhesabiwa mtu mzima mwenye haki ya kusema barazani. Mtu hudunduliza miaka ishirini ili alishe mji mzima kwa siku kadhaa. Wachumi wa nje huulaumu utaratibu huu kwa ubadhirifu. Lawama hiyo ina ukweli, ila haijakamilika, kwani vyama vya vijiji vinavyosimamia sherehe hizo ndivyo vilevile vinavyochangisha fedha za kujenga misikiti, madarasa, barabara na mabirika ambayo dola haikuyajenga. Wala binti hatoki mikono mitupu: kwa desturi ya manyahuli, nyumba na shamba la ukoo hurithiwa kupitia kwa mama, na mume ndiye huhamia kwa mke.

Utawala: Kutoka Mapinduzi hadi Zamu

Ufaransa ilikitwaa kwanza Maore, mwaka 1841. Visiwa vingine viliwekwa chini ya himaya yake mwaka 1886, na baadaye vyote vikatawaliwa kutoka Madagaska hadi 1946. Makao ya utawala yalikuwa Dzaoudzi, Maore. Kuhamishiwa kwake Moroni katika miaka ya 1960 kuliwachoma watu wa Maore, na kundi la wanawake likajitokeza kupinga kwa silaha isiyo ya kawaida: waliwazingira viongozi waliotoka Moroni na kuwatekenya hadi wakakimbia. Kisa hiki huchekesha kikisimuliwa. Athari zake hazichekeshi. Katika kura ya maoni ya Desemba 1974, visiwa vitatu vilichagua uhuru kwa takriban kauli moja, ilhali karibu thuluthi mbili ya wapiga kura wa Maore walikataa. Ahmed Abdallah alitangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975. Ufaransa ilibaki Maore, ijapokuwa Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro kama nchi ya visiwa vinne.

Mwezi mmoja baadaye Abdallah alipinduliwa. Ali Soilihi, aliyeshika hatamu tangu 1976, alifuta ndoa kuu, akawaachisha kazi watumishi wa serikali, na akakipa Kikomoro nafasi katika uandishi wa shughuli za umma. Kwa mwanafunzi wa sera za lugha, miaka hiyo miwili ni ya kutafitiwa, licha ya ukatili ulioandamana nayo. Aling'olewa mwezi Mei 1978 na mamluki wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard, akauawa siku chache baadaye. Abdallah alirejeshwa, naye akauawa mwaka 1989. Denard alirudi tena na mapinduzi mengine mwaka 1995. Orodha ni ndefu na haina haja ya kukamilishwa hapa.

Jambo zito zaidi lilitokea mwaka 1997, pale Nzwani na Mwali vilipotangaza kujitenga, na viongozi wa Nzwani wakaiomba Ufaransa iwatawale upya. Ufaransa ilikataa. Ombi lenyewe lilidhihirisha kwamba watu wa Nzwani waliiona Moroni kuwa mbali zaidi yao kuliko Paris. Jibu lililopatikana, baada ya mapatano ya Fomboni ya 2001 na katiba ya Desemba mwaka huohuo, lilikuwa zamu. Urais wa Muungano ulipangwa kuzunguka: wagombea walichujwa kwanza na wapiga kura wa kisiwa chenye zamu, kisha watatu waliosalia wakapigiwa kura na nchi nzima. Azali Assoumani wa Ngazija aliongoza kuanzia 2002, Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani kuanzia 2006, na Ikililou Dhoinine wa Mwali kuanzia 2011. Kisiwa kidogo kabisa kilimtoa rais wa nchi, jambo ambalo hesabu ya kura peke yake isingeliruhusu kamwe.

Mfumo huo ulikuwa ghali. Kila kisiwa kilikuwa na rais wake na bunge lake, hata watu wasiofika milioni moja wakawa na marais wanne. Kura ya maoni ya 2009 iliwashusha marais wa visiwa kuwa magavana. Wala haukuwa imara siku zote. Mohamed Bacar alipokataa kuachia madaraka Nzwani, Umoja wa Afrika ulipeleka majeshi mnamo Machi 2008, wengi wao kutoka Tanzania na Sudan, naye akakimbilia Maore kwa mashua. Pamoja na hayo yote, zamu iliiondolea Komoro mapinduzi kwa muda mrefu kuliko dawa nyingine yoyote iliyojaribiwa.

Kura ya maoni ya Julai 2018, ambayo wapinzani waliisusia, iliugeuza utaratibu huu. Zamu haikufutwa, bali ilirefushwa: rais anaweza kukaa vipindi viwili mfululizo vya miaka mitano kabla urais haujahamia kisiwa kingine. Azali, aliyekuwa amerejea madarakani mwaka 2016, alichaguliwa tena 2019 na 2024. Mnamo Oktoba 2018 vijana wenye silaha walishika sehemu ya mji wa kale wa Mutsamudu, Nzwani, kwa siku kadhaa, kwani kwa hesabu ya katiba ya kwanza urais ungewafikia mwaka 2021.

Bahari ya Katikati

Maore, wakati huo, kilizidi kwenda zake. Tangu 1995 Mkomoro hawezi kuingia huko bila viza, na tangu Machi 2011 kisiwa hicho ni mkoa kamili wa Ufaransa. Kutoka Nzwani ni kilomita 70 hivi za bahari. Watu huzivuka usiku katika mashua ndogo ziitwazo kwasakwasa, jina lililotokana na mchezo wa Kikongo kwa jinsi zinavyoyumba. Mama mjamzito huvuka akatafute hospitali. Kijana huvuka akatafute kazi kwa binamu yake. Ripoti ya Baraza la Seneti la Ufaransa ya 2012 ilikadiria kwamba kati ya watu 7,000 na 10,000 walikufa maji humo tangu 1995. Kufikia sensa ya 2017, karibu nusu ya wakazi wa Maore walikuwa raia wa kigeni, wengi wao Wakomoro. Kimbunga Chido kilipokipiga kisiwa hicho tarehe 14 Desemba 2024, vitongoji vyao vya mabati ndivyo vilivyosombwa kwanza.

Wimbo wa taifa wa Komoro unaitwa Udzima wa ya Masiwa, yaani umoja wa visiwa. Mswahili hutambua mara moja siwa katika masiwa na -zima katika udzima. Na papo hapo inafaa akumbushwe kwamba ujamaa huo hudanganya, kwani Mkomoro akisema "marahaba" haitikii shikamoo, anashukuru. Kikomoro si lahaja ya Kiswahili, kama ilivyodaiwa zamani, bali ni ndugu yake mwenye nyumba yake. Msamiati wa umoja wanao. Kipindi cha pili cha Azali kinamalizika mwaka 2029, na hapo ndipo katiba inapotaka urais uvuke bahari kwenda kisiwa kingine.